Daraja Lako Limepewa Jina la Mbwa

Mama Furaha, rafiki yangu,

Daraja limekwisha, na limepewa jina la mbwa. Nakuambia mapema usije ukasikia kwa mtu mwingine huko uliko. Najua ungecheka kwanza, halafu ungekasirika, halafu ungenitafuta mimi.

Ni Biskuti, yule mbwa wa mzee Walter, mwenyekiti wa klabu yetu ya treni ndogo. Yule aliyekula mandazi yako yote tukipaka rangi mbao za daraja, ukamkimbiza na fagio mpaka barabarani. Alikufa muda mfupi baada yako. Uzee tu. Wewe hata uzee hukuufikia.

Sijui kama unajua ulivyokufa. Mshipa wa kichwa ulipasuka ukiwa kazini, katikati ya maboksi. Ambulensi ilikuwa haijafika, msimamizi akaniuliza kama naweza kushika nafasi yako kwenye laini ya maboksi mpaka zamu iishe. Nilikuwa nimeshika mguu wako, ungali wa moto.

Unakumbuka siku ya kwanza? Tulipeleka watoto wa kanisa kwenye bustani kule Shively, huku ugenini, tukakuta wazungu wazima wamekaa juu ya treni ndogo inayofika magotini. Ukasema, "Tazama, kama watu waliopanda mbuzi!" Ukacheka mpaka ukakaa chini. Halafu mafuriko yakabeba daraja dogo la mtaroni, treni ikawa inafika pale inarudi kinyumenyume, na wewe ukaacha kucheka. "Bon," ukasema, "kwetu milimani daraja likienda na maji, nani anangoja serikali?" Jumamosi iliyofuata ulikuja na nyundo. Mimi nilikufuata tu, donc, basi, nikajikuta natoboa mbao.

Siku ya mazishi mzee Walter alisimama kanisani akasema mbele ya wote kwamba daraja litaitwa kwa jina lako. Tukampigia makofi. Makofi, mazishini.

Mkutano wa klabu ulipofika, bibi mmoja akasema watoto wanampenda Biskuti, na jina lako litawashinda kutamka. "Hata sisi linatushinda," akaongeza, wakacheka kwa upole, ule upole wao. Wakapiga kura kwa kunyoosha mikono. Wakaanza na jina lako: nikanyoosha, peke yangu. Nikadhani Furaha hakusikia. Wewe mwenyewe ndiye uliyemwandikisha uanachama, akalalamika mwezi mzima. Walipofika kwa mbwa, nikageuka. Mkono wa mtoto wako ulikuwa juu.

Kwenye gari nilimwambia, "Una moyo gani wewe? Mama yako!"

Alinijibu kwa Kiingereza, kama kawaida ya watoto wetu wa huku, lakini nilielewa yote. "Tantine, wiki nzima alikuwa kazini. Tulikuwa na Jumamosi tu, na hiyo akawapa wao. Sasa wanataka na jina? Hawalipati."

Akaendesha mpaka nyumbani bila kufuta machozi. Nilitaka kumpiga kofi. Nilitaka kumshika kichwa nikiweke hapa kifuani. Nilitazama barabara.

Siku ya kulifungua daraja waliweka picha ya Biskuti na shada la maua. Mzee Walter alilia kwa sauti. Mbele ya jeneza lako alikuwa anatazama saa, nilimwona. Treni ikapita, watoto wakapiga kelele, "Biskuti! Biskuti!", na boriti zako hazikutikisika hata kidogo. Watu wakamsifu aliyechora kibao cha jina.

Basi nimeacha klabu. Nimewarudishia vesti yao ya njano ya kazi. Siku hizi Furaha ananifundisha kuendesha gari nyuma ya kanisa. Ananifokea kama ulivyokuwa unanifokea, "Breki! Breki, jamani!", na mimi mwanamke mzima nafurahi kufokewa. Nikimtazama pembeni naona pua yako. Wewe hatukutaji.

Nenda, rafiki yangu, pumzika. Sikufariji kwa uongo: huku wanakusahau haraka. Lakini nakuahidi jambo moja. Siku Furaha ataniuliza kama alikukosea, na siku hiyo itakuja, nitamwambia hapana. Nitamtazama machoni nimwambie hapana, hata kama mimi mwenyewe bado sijui.

Wako,
Mama Neema