Tundu la Stoo

Jumatatu, 9 Desemba 2013
Nimepima tena. Karatasi niliyoishikiza kwenye tundu la hewa la sebuleni haitikisiki. Ya stoo ya chakula inapepea hadi inachanika. AC moja, mabomba saba ya bati darini, kila tundu na kilango chake cha kugawa upepo. Hewa ni ileile, ukimpa huyu umemnyima yule. Nani amefungua cha stoo? Nilikifunga Jumamosi kwa mkono wangu.

Jumatano, 11
Ni Habuba, yaani bibi kwa Kiarabu cha hapa, mama yake mwenye nyumba. Nimemfuma juu ya gunia la mtama, anasukuma kilango kwa mpini wa ufagio. Umri ule! Nimemuuliza kwa adabu, maharage yanataka ubaridi wa nini?
"Biniya, hii chumba iko nzuri. Wewe wacha hewa hapa."
Basi. Ananiita binti kwa lugha yake, lakini sababu hakuna. Ana mkeka wake mle na mtungi wa maji. Mwanawe anacheka tu, kisha ananikumbusha: sebule isipopoa, hakuna malipo ya fundi, wala kwenda kwetu Nakuru Krismasi. Basi langu ni Jumanne.

Ijumaa, 13
Nimefunga. Amefungua. Nimefunga. Amefungua. Leo nimetukana bomba.

Jumamosi, 14
Nimemaliza ubishi. Bati juu ya tundu la stoo, skrubu nane. Sebule imepoa papo hapo. Habuba ameliangalia lile bati, akaenda kukaa uani. Nimefurahi. Niseme ukweli, nimefurahi sana.

Jumatatu, 16
Risasi tangu jana usiku. Kulipokucha Habuba alikuja kunitoa katika chumba changu cha uani, akatukusanya wote, watu kumi na mmoja pamoja na majirani. Akatuingiza stoo. Ndiyo chumba pekee kisicho na dirisha. Maji yapo. Mkeka upo. Magunia tumeyasukuma mlangoni.

Hewa haipo.

Mtoto wa jirani akaanza kuhema vibaya. Vifaa vyangu viko uani, na uani hakuendeki. Nimefungua skrubu kwa kisu cha vitunguu, nimesimama juu ya gunia nililolirudisha, Habuba kanishika miguu. Saba zilitoka. Ya nane ilikataa, nikakunja bati kwa mikono, nikajikata kiganja.

Umeme hakuna. Betri za sola zinaendesha feni ya AC tu. Upepo umekuja, lakini kidogo. Mwingi unakwenda sebuleni, nilivyoupanga mwenyewe, na sebuleni hakuna mtu. Mtoto tumemweka chini ya tundu. Anapumua.

Naona aibu. Nimemuuliza Habuba mbona hakuniambia. Hii si vita yake ya kwanza.
"Biniya, hiyo mambo ukisema, inakuja."

Alhamisi, 19
Upande wetu kumetulia. Basi la Jumanne halikuondoka. Nimeshinda nikisawazisha upepo upya. Sebule nimeipunguza nusu, na mwenye nyumba hajauliza. Kilango cha stoo nimekifunga kwa waya kikiwa wazi, kisifungike tena.

Habuba amejaza mtungi na kukunja mkeka. Nimemwita aone karatasi ikipepea. Ameitazama, akasema niongeze kidogo.

Nimeongeza.