Sinia Moja la Pilau, Lewisham

Wadogo zangu Hamadi na Salimu,

"Viumbe vyote ni kitu kimoja, basi shangazi ana haja gani ya chumba chake peke yake?" Ndivyo mlivyoniandikia, mkitaka kumhamishia sebuleni, ufunguo wake mkiwa mmeshauchukua, na mkasingizia wanafalsafa wa Kirusi. Mmesoma nusu ya kitabu! Tangu Mapinduzi ya huko kwetu, kila nikisikia "sisi sote ni wamoja," naangalia kwanza nani anaambiwa ahame.

Juzi, baridi ya huku ugenini ikiuma, jirani yangu Bi Mwanaidi alimwalika Mrusi anayefundisha falsafa hiyo hiyo. Tulikaa mkekani, sinia moja la pilau katikati yetu. Mrusi akafurahi: "Huu ndio umoja wenyewe!" Mara mkono wake ukavuka sinia, ukachukua nyama iliyokuwa mbele yangu. Nilijua tu!

"Mwanangu, kula mbele yako," Bi Mwanaidi akamwambia. "Sinia letu sote, lakini upande wa mwenzio hauvamiwi."

Nikamfasiria kwa furaha, nikingoja abishe. Akacheka mpaka machozi. "Mwambie bibi hicho ndicho wanachokisema wanafalsafa wetu: umoja usiommeza mtu."

Sijui kama alisema kweli au alikuwa anajinusuru. Nyama hakuirudisha.

Nawapenda, na nimewakumbuka mno. Mungu awape afya. Sasa wewe Hamadi, na wewe Salimu: mrudishieni shangazi ufunguo wa chumba chake leo hii, kabla hamjala.

Dada yenu,
Zuhura