Mlango Niliokuahidi

Makangale, Pemba

Mdogo wangu Ramadhani,

Assalaam alaykum. Na kwa lugha ya mama yetu, mwangaluka. Neno hilo nikilisema hapa hakuna wa kulijibu, kwa hiyo nalituma kwa karatasi limfikie anayejua jibu lake. Magoti yako yanaendeleaje? Na wifi yangu, kile kikohozi kimemwacha? Mimi ni mzima. Macho yanachoka jioni, kwa hiyo nasoma asubuhi, na mchana nasuka ukili wa mikeka.

Najua ungependa nikupigie simu. Lakini kwenye simu wewe hunikatiza, na jambo hili nataka ulisikie mpaka mwisho. Umesema chumba changu hapo Tabora kimekwisha, kimepakwa chokaa, na kwamba umeacha nafasi ya mlango wazi, ukisubiri ule wa mvule wa nyumbani kwangu, alioupasua marehemu mume wangu Mrisho. Ndivyo nilivyokuahidi: mlango utatangulia, nami nitaufuata nikishavuna. Basi nimevuna. Mlango hauji. Kaa kitako nikueleze.

Mwaka jana nilikwambia bahari iliingia bondeni kwetu. Bonde letu la mpunga liko chini ya kijiji, na kati yake na bahari palikuwa na mikoko minene ambayo sisi wenyewe tuliikata kidogo kidogo, huyu boriti, yule kuni za kuchomea chokaa. Yalipokuja maji makubwa ya mwezi mwandamo, ambayo huku huitwa bamvua, upepo ukayasukuma mpaka ndani. Mpunga uliungua kama uliomwagiwa maji ya moto, na majaluba yangu matatu yakabaki na ukoko mweupe wa chumvi. Mwaka ule tulikula muhogo. Aliyekuwa nao alimpa asiye nao, na sikusikia nyumba iliyolala na njaa. Lakini sote tulijua kwamba miaka miwili ya namna ile ingetushinda.

Kiangazi kilipofika, Sheha, mkubwa wa kijiji, akaitisha msaragambo, ile kazi ya pamoja ambayo asiyekwenda huona haya kupita njiani. Wanaume walichimba, wanawake tukabeba udongo kwa mapakacha, tukajenga tuta refu kuzuia bahari. Msimamizi alikuwa Mzee Faki, mvuvi anayejua saa za maji kupwa na kujaa kuliko anavyojua majina ya wajukuu zake. Ndiye aliyeshikilia kwamba mdomo wa kijito cha bondeni uzibwe kabisa, maana bahari ilipitia hapo. Alisema tundu la mwizi huzibwa, haliachwi. Tukaafikiana naye, hata mimi na vitabu vyangu vyote. Tulipomaliza tulisoma dua, tukala wali wa nazi juu ya tuta, tukajisifu.

Kisha ikaja masika. Mvua ilinyesha siku nne mfululizo, na maji ya vilima yakateremkia bondeni kama kawaida yao, yasione pa kutokea. Mpunga uliokuwa umefika magotini ukabaki ncha tu juu ya maji. Tulisimama juu ya tuta letu zuri, tukatazama kazi ya mikono yetu. Wa kwanza kusema alikuwa jirani yangu Bi Mize. Huyu nilimfundisha kusoma zamani kwenye kisomo cha watu wazima, na ulimi wake haukuhitaji mwalimu.

"Hongera, Mzee Faki," akasema. "Bahari umeifungia nje, mvua umeifungia ndani."

"Na weye si ulibeba udongo? Mbona hukusema?"

"Mwenye mzigo kichwani hasemi."

Watu walicheka, ingawa wengine machozi yalikuwa karibu. Kisha ukazuka ubishi. Tukilikata tuta mpunga utapumua, lakini bamvua lilikuwa karibu, na tundu likiwa wazi chumvi itarudi. Mzee Faki hakubishana na mtu. Alichukua jembe, akawa wa kwanza kukata pale alipotuambia tuzibe. Akasema tutakata maji yakipwa na kuziba kabla hayajajaa, kila siku, mpaka tupate la kufanya. Mimi nikaandika zamu. Siku zile sitazisahau, Ramadhani: kikundi kinafukua, kikundi kinajaza viroba vya mchanga, na wasioweza kuinama wanashona viroba vilivyopasuka. Mpunga ukaanza kuinua kichwa, ila migongo yetu ilikuwa inainama.

Aliyetuokoa ni Fundi Shaame, mtengenezaji wa pampu za visima. Siku moja alichuchumaa kwenye lile tundu, akasema ndani ya pampu mna kipande cha ngozi kinachoruhusu maji kupanda na kuyakataa yasirudi. Tukining'iniza ubao mzito upande wa bahari, maji ya mvua yatausukuma yatoke, na bahari ikija itaufunga yenyewe. Tukamwuliza ubao gani. Akasema uwe mpana, wa kipande kimoja, wa mti usioozeshwa na maji ya chumvi.

Msitu wa Ngezi sasa unalindwa, haukatwi. Mbao za dukani zingeoza kabla ya mwaka. Makangale nzima ilijua ubao wa namna ile uko wapi. Ilijua pia kwamba nimekuahidi wewe, na huku kitu kilichokwisha kuahidiwa mtu hakiombwi. Kwa hiyo siku mbili nilipata wageni wa ajabu. Walikuja, wakakaa, wakatazama kila kitu nyumbani kwangu isipokuwa mlango. Sheha alisifu kuku wangu. Kuku wenyewe wawili, na mmoja kipofu. Wengine walipitia uani ili wasiuguse kabisa.

Siku ya pili nilikaa ndani, nikautazama. Kuna mahali karibu na komeo ambapo msumeno wa Mrisho uliteleza, na kila mara alikuwa akiniambia atapapiga randa akipata nafasi. Nilikufikiria na wewe, umeshika utepe wako wa kupimia, na nilijua utaumia. Kisha nikamwita Bi Mize, nikamwambia akamwite Shaame aje kung'oa mlango.

"Nduguyo je?" akauliza.

"Ndugu yangu yuko Tabora, kwenye nchi ya mininga. Mbao hazitamshinda."

"Lakini nlango huu wa Mrisho."

"Mrisho alikula mpunga wa bonde hili mpaka alipokufa."

Alitoka mbio, mwanamke wa miaka yake.

Wanaume wanne waliubeba mabegani. Mzee mmoja asiyeona vizuri alikuwa barazani kwake. Akadhani ni jeneza, akasimama na kujiunga kulisindikiza kama ilivyo ada, akauliza kwa huzuni ni nani aliyetutoka. Bi Mize akamwambia, "Hajafa mtu, mzee wangu. Nlango unakwenda kuolewa na bahari." Kuanzia hapo wanawake walipiga vigelegele mpaka pwani.

Shaame aliulaza ubavu, akauning'iniza kwa kamba nene za makumbi kati ya magogo mawili ya mnazi, maana bawaba za chuma zingeliwa na kutu. Bamvua likaja baada ya siku tatu. Alasiri, watu walipotoka kuswali, kijiji kizima kilisimama juu ya tuta. Maji yalipanda polepole, yakaufikia ubao, yakauegemea, ukajifunga kwa kishindo kimoja kama cha mtu mkubwa anayefunga nyumba yake. Yakaendelea kupanda upande ule, na upande wetu yakabaki palepale. Mzee Faki akateremka bondeni, akachota maji kwa kiganja, akaonja, akatema, akaonja tena.

"Ya mvua," akasema, akakaa kwenye matope kama mtoto.

Yalipopwa mlango ulifunguka wenyewe, na maji ya bondeni yakatoka. Sijapata kuona watu wazima wakishangilia maji yanayoondoka.

Tumevuna, ndugu yangu, si kwa wingi wa zamani, lakini kila nyumba imepata. Sasa tunapanda miche ya mikoko mbele ya tuta, kwa sababu Shaame anasema ubao peke yake hautadumu kupigana na bahari. Nyumbani nimetundika kanga mlangoni, na Shaame ananitengenezea mwingine kwa mwendo wake. Bi Mize akija hugonga ukuta, anasema adabu haijang'olewa.

Sasa jibu lako. Nitakuja kukutembelea, Mungu akipenda, lakini siji kukaa. Matope yaliyoziba ubao huondolewa kila baada ya bamvua, zamu naandika mimi, na mimi mwenyewe nimo. Usidhani nimesahau kwetu. Nikiota, bado naota kwa Kinyamwezi. Ila nikiamka asubuhi, kazi inayonisubiri iko huku, na naifurahia. Chumba mpe Salma, mjukuu wetu aliyeolewa juzi, umtilie mlango wa mninga mzuri.

Nisalimie wifi yangu Mwajuma, na shangazi Tausi, wa mwisho aliyebaki wa ukoo wa baba. Maalim Juma aliyetufundisha Kurani wote wawili mwambie bado nakumbuka fimbo yake. Bi Mize anakusalimu pia, ingawa anakuogopa.

Mkwe wa Bi Mize anasafiri kwenda bara, nimempa kikapu cha mchele wa bondeni, akutumie kwa basi. Una vijiwe kidogo, uchagueni vizuri. Upikeni kwa nazi siku ya Ijumaa, uwaite wote niliowataja, mle. Mkishashiba ndipo unikasirikie.

Dada yako akupendaye,
Zuhura