Onyesho la Mwisho la Mama

4 Machi

Dada mpendwa,

Hujambo? Goti linaendeleaje? Sisi wazima, ila watoto wana mafua, mmoja akipona mwenzake anapokea zamu.

Mchezo wangu wa kuigiza nimeumaliza, huu hapa. Ukumbi umeniambia nitafute mshauri wa kuusoma kabla ya mazoezi. Nikawajibu ninaye, tumetoka tumbo moja. Usinionee huruma. Ila onyesho la mwisho, Mama anapomfungulia mlango binti yake mkubwa, usiliguse. Hilo nimekuandikia wewe.

Mdogo wako

19 Machi

Kasuku wangu,

Salamu tele. Goti ni lilelile, kwa kutabiri mvua linaishinda redio.

Nimeusoma mara tatu. Umeweza, mdogo wangu! Pale Mama anapokunja sare yangu ya uuguzi na kuiweka juu ya kabati, niliacha kusoma nikaenda kusimama dirishani. Sasa, kazi yangu unaijua: siandiki hata mstari, nauliza tu. Yule jirani ana kazi gani zaidi ya kunywa chai? Na Mama, aliyeapa mbele yetu kwamba binti aliyeacha chuo akaigize hatavuka kizingiti chake tena, nini kimemfanya afungue? Nimetafuta kurasa zote, sijakiona.

Dada yako

22 Machi

Dada,

Salamu baadaye, leo nina hasira.

Jirani nimemfukuza, na chai yake. Lakini mlango haufungwi ng'o! Mama amekufa hajakufungulia. Siku ya maziko ulisimama getini kama mgeni, na mimi nilikuona. Leo mwandishi ni mimi, halafu nishindwe kumfanya aseme “ingia, mwanangu”? Kalamu ni ya nini basi?

Mdogo wako

30 Aprili

Kasuku,

Hamjambo huko? Mafua yameisha?

Najua umedhani nimenuna. Wala. Jibu lilikuwa gumu. Mimi dada yako, onyesho lile ningeliweka chini ya mto nikalilalia. Mimi mshauri wako, nakwambia ni la uongo, na watazamaji watalitambua, maana wewe mwenyewe umewaonyesha huyu mama ni mtu wa namna gani. Umemwandika vizuri mno, hawezi kufungua. Nalia nikiandika haya, lakini likate. Binti agonge, taa zizimwe.

Ila nina ombi, na hili si la mshauri. Siku ya kwanza ya mazoezi nitakuja. Kabla hujalikata, mwigizaji wa Mama alisome mara moja tu, kwa sauti, nami nisikie.

Dada yako

6 Mei

Dada yangu,

Pole na goti, pole na yote.

Nitalikata. Umesema kweli, na kweli yako imeniuma.

Mazoezi ni Jumatatu asubuhi. Mwigizaji nimeshaongea naye, hatasomea kitini. Atasimama nyuma ya mlango wa ukumbi, kwa ndani. Kwa hiyo ukifika usiingie na waigizaji wengine. Wao watangulie, wewe ubaki nje.

Kisha gonga.

Mdogo wako