Kipini Kilichobaki Pindoni Mwangu

Shoga yangu Mwanaidi,

Salamu zikufikie huko uliko. Nakuandikia kwa herufi zile zile za Kiarabu tulizofinywa masikio kwa ajili yake chuoni Kivinje, wewe ukicheka na mimi nikilia. Mwandiko wangu bado mbaya.

Mwaka wa tatu huu tangu tukuzike. Mumeo ameoa, na huyo mke hajui kupika hata mchuzi wa papa. Najua hilo litakufurahisha. Binti yako Rukia amejifungua mtoto wa kike, amempa jina lako. Mimi ananiita mama, nami nakosa pa kuuweka uso wangu.

Kipini chako ninacho mimi, shoga.

Kile cha dhahabu alichokuletea mumeo aliporudi vitani Burma. Nilikitoa puani mwako kwa mkono wangu kabla ya kukuosha. Bi Hadija, aliyekuwa ananimiminia maji, alikuwa amegeukia mtungi. Nikakifunga kwenye pindo la kanga nimpe Rukia, kama ulivyoniusia. Wallahi nia ilikuwa hiyo. Halafu nikafika nacho nyumbani, nikakijaribisha mbele ya kioo, nikajiona mzuri. Sikuwa na shida yoyote. Nilikitaka tu, tangu siku ile ulipokuja nacho kwangu ukajitia kupenga kamasi ili nikione.

Siku ya hitima Rukia akaniuliza kipini mbele ya wanawake wote. Nikainamisha kichwa, nikasema, "Mwanangu, mimi mwosha maiti. Niliyoyaona kule ndani siyasemi."

Unaijua desturi yetu. Macho yote yakamgeukia Bi Hadija, maana ndani tulikuwa wawili tu, na mimi nilionekana namsitiri mwenzangu. Jina lake sikulitaja. Nilijipoza kwa hilo siku nyingi, mpumbavu mimi.

Hakuna aliyemwita tena kuosha. Akiingia kwenye shughuli, wanawake walishika hereni zao. Mwisho akahamia Somanga kwa kaka yake.

Tangu hapo kipini hakinipi raha. Nimekificha kwenye mchele, kwenye mto, juu ya kenchi za paa, na kila mara narudi kuangalia kama kipo. Nikisujudu, pua inaniwasha. Nilipoosha maiti, mkono wangu ulikwenda puani mwake kwanza. Kazi hiyo nimeiacha, nikasingizia mgongo.

Jana kaka yake Bi Hadija alikuja. Dada yake yu taabani, na ametoa wasia: akifa aoshwe na mimi.

"Anasema wewe peke yako hukumsema," akaniambia, kisha akanishukuru. Nilishindwa hata kumkaribisha maji.

Asubuhi hii lori la chumvi linakwenda Somanga. Kipini nimekifunga tena kwenye pindo la kanga. Nimemwomba Rukia anisindikize; bado hajui kwa nini. Nitalifungua pindo mbele yake na mbele ya Bi Hadija, na sitasema shetani alinipitia. Nitasema nilikitaka, nikakichukua, nikamwacha mwenzangu aitwe mwizi. Wakinifukuza nitarudi kwa miguu. Naogopa, Mwanaidi, naogopa sana.

Buriani, shoga. Wewe huwezi tena kunijibu, nami sina la kufanya. Lakini Bi Hadija nakuahidi simwoshi kabla hajanisikia.

Mimi shoga yako,
Somoe