Siku Moja ya Kutembea na Mama

Ijumaa, 4 Julai. Riyadh

Nguo zimekauka kwa dakika ishirini. Nimezianua ngumu kama mbao. Shuka, khanga mbili, abaya ya kila siku. Hosteli imebaki tupu. Amra, mwenzangu wa chumba, ameshafika kwao Sarajevo na tayari ametuma picha thelathini: daraja, mto, yeye na aiskrimu. Wengine wa darasa letu la Kiarabu wako Istanbul, Paris, sijui wapi. Kila mtu na mji wake. Amra alinialika twende wote, namshukuru, lakini viza ya Ulaya si kitu cha kuagiza kama chapati.

Mimi nakwenda Jeddah. Kwa mama.

Mwaka na nusu niko nchi moja na mamangu na sijamwona. Yeye ni mfanyakazi wa nyumbani huko Jeddah, analala kazini. Mimi niko chuoni, natoka kwa ruhusa. Watu wa kwetu Malindi wanadhani tunakutana kila Ijumaa tunakula biriani. Mara ya mwisho kumshika mama ni miaka minne iliyopita, likizo yake ya pili katika miaka tisa.

Madam wake amekubali nikae kwake wiki nzima. Mungu amjaze heri. Ninachotaka ni kimoja: siku moja nzima na mama, nje, tukitembea mjini kama watu walio likizo. Nimeandika orodha. Mahali kumi na nne.

Jumamosi, 5 Julai. Riyadh

Soko la Al-Dirah, kutafuta zawadi. Mkono mtupu haulambwi. Muuza mitandio nilimsemesha kwa Kiarabu cha darasani, irabu zote mahali pake. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama mimi ndiye ninayesoma taarifa ya habari. Duka zima likacheka. Nami nikacheka. Kwenye teksi nikanuna. Nimefaulu mtihani wa sarufi vizuri sana na siwezi kununua mtandio bila kuchekwa.

Nimechukua wa kijani.

Jumapili, 6 Julai. Riyadh

Basi ni la magharibi, litafika asubuhi. Begi liko tayari tangu alfajiri. Nimelifungua mara tatu kuhakikisha mtandio umo.

Jumatatu, 7 Julai. Jeddah

Mama amekuwa mdogo. Ama mimi nimekuwa mrefu. Alinikumbatia mlangoni, ananukia iliki na dawa ya kusafishia sakafu, akalia, nikalia, dereva wa teksi akageuka upande wa pili. Mtu mwenye adabu.

Kisha madam akaja. Mwanamke wa makamo, sauti ya pole. Akanishika mkono mpaka majlisi, chumba cha wageni, akaniketisha kwenye kiti kikubwa. Mgeni wangu, akasema. Na mama akaja na kahawa. Kwenye sinia. Akanimiminia mimi kwanza, amesimama, mkono wa kulia. Halafu tende. Halafu akarudi kusimama mlangoni.

Madam ananiuliza masomo, ninajibu. Akasema Kiarabu changu kizuri kuliko cha wanawe. Nikafurahi. Hilo ndilo sina budi kuliandika: nikafurahi. Nilikunywa vikombe vitatu na vyote vitatu alinimiminia mamangu.

Kwetu, mtoto anayekaa mamake akimhudumia hana adabu. Hapa, mgeni anayeinuka kujimiminia ndiye hana adabu. Nilibaki nimekaa. Uso unawaka.

Baadaye chumbani kwake, kijumba kilicho nyuma ya jiko, nikambusu mkono nikamwomba radhi. Akanicheka. Ati miaka tisa alikuwa anatafuta mtu wake wa kummiminia kahawa, sasa nampokonya na hilo.

Jumanne, 8 Julai. Jeddah

Jikoni kutwa. Kumbe mama ameshafika Ulaya mara tano. Nilijua, maana familia humchukua kila likizo kulea watoto, lakini sikuwahi kuuliza. Leo amenisimulia akikaanga bamia. Vienna: mashine ya kufulia iko chini kabisa ya jengo, ngazi sabini na mbili. Geneva: ziwa lina bata, na bata wanauma. Paris: ule mnara anaujua miguu tu, wenzake walipanda yeye akabaki chini na gari la mtoto. London: mvua, na bustani zote zenye choo anazijua. Nikamwuliza makumbusho gani aliona, jumba gani. Hakuna. Mtoto alikuwa amelala, au analia, au ameshikwa na mkojo.

Na Jeddah je? Anajua njia ya kliniki ya watoto na njia ya supamaketi. Bahari iko dakika kumi na tano. Huiona kwenye kioo cha gari.

Sasa ujinga wangu. Kiarabu cha mama hakina ni-, hakina u-, hakina tu-. Kila kitenzi ni a-. Mimi anakwenda. Wewe anakula. Sisi anafunga safari. Ndicho Kiarabu cha jikoni, wafanyakazi wote wanaelewana nacho, Mfilipino na Mhabeshi na Mbangladeshi. Leo madam alimwuliza kitu, akajibu, “Ana yiruh suk.” Mimi anakwenda sokoni. Nikamsahihisha. Hapo hapo, mbele ya madam na mbele ya Lulu, binti yao wa miaka mitatu. Nikasema si yiruh, mama, ni aruh. Madam akacheka bila ubaya. Lulu akaanza kuimba yiruh, yiruh, akizunguka meza.

Mama akaosha kikombe kilichokuwa kisafi. Siku nzima hakutamka tena neno la Kiarabu, alikuwa anaitikia kwa kichwa tu. Mimi hiyo shule yangu yote, tangu darasa la tano, imelipwa na Kiarabu hicho hicho. Najichukia leo.

Jumatano, 9 Julai. Jeddah

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nimepewa vitunguu kilo tatu. Nimefurahi mno, afadhali machozi ya vitunguu kuliko kile kiti kikubwa.

Lakini habari mbaya. Safari ya familia kwenda Vienna ilikuwa mwisho wa mwezi. Baba wa nyumba, anayefanya kazi ofisi za bandarini, amebadilishiwa likizo. Sasa wanaondoka Jumamosi. Na mama yumo. Nimebaki na Alhamisi na Ijumaa, na nyumba nzima ni masanduku.

Nikamwambia aombe Ijumaa. Akakataa. Ikama yake, kile kibali cha kukaa, inakwisha mwezi ujao, na kafili, mdhamini wake, ndiye wa kuihuisha. Kafili ni huyo baba wa nyumba. Huu si wakati wa kuomba mambo, akasema. Nikasema basi mimi nitakuombea, nina maneno ya kumwambia madam. Akaweka kisu chini.

“Usiniombee kwa mtu. Nina mdomo wangu.”

Tukaendelea kumenya. Jioni mezani madam akaniuliza nimeona nini Jeddah. Mlango umefunguliwa wazi. Nilikuwa na sentensi nzima tayari, yenye heshima zote, ingelainisha hata jiwe. Mama alikuwa anapakua wali. Hakunitazama. Nikasema nimeona jiko, na jiko ni zuri. Madam akacheka.

Alhamisi, 10 Julai. Jeddah

Ameomba.

Nilikuwa kwenye ujia nimebeba taulo. Mama na madam wako chumba cha watoto wanapanga nguo. Nikamsikia: “Madam. Ana yibgha yom wahid. Bukra. Ruh maa bint.” Mimi anataka siku moja. Kesho. Kwenda na binti. Hakuna kitenzi hata kimoja kilichokaa sawa.

Nikahesabu taulo. Kumi na moja. Kisha madam akasema kesho, tangu asubuhi mpaka isha, dereva awapeleke. Na kisha akauliza, kwa nini hujawahi kusema? Miaka yote nikidhani hupendi kutoka.

Mama akasema alidhani ni marufuku.

Basi. Kila mtu na soksi za mtoto mkononi. Madam alikuwa mwekundu, nitamtolea ushahidi. Akasema halas, basi, sasa umejua. Wakaendelea na soksi.

Nimekasirika. Miaka tisa, mmoja anadhani, na mwingine anadhani. Na nimeshukuru mpaka nimekaa chini kwenye taulo. Vyote viwili. Mama alipotoka akanikuta sakafuni, akaniambia inuka, hizo zimefuliwa.

Ijumaa, 11 Julai. Jeddah

Siku yetu.

Mama alivaa mtandio wa kijani. Dereva alitushusha mji wa kale, Balad, saa mbili asubuhi, jua tayari linachoma. Nyumba ndefu zenye madirisha ya mbao yaliyotokeza nje. Mama anatembea mbio kama mtu aliyeacha chungu motoni. Nikamwambia polepole. Akapunguza, hatua kumi, akaanza tena.

Tukapotea. Mimi msomi mwenye orodha. Nikamwuliza kijana mmoja Mbangladeshi anayeuza juisi, kwa Kiarabu sanifu. Akanitazama kwa huruma. Mama akamwambia maneno matatu, yule kijana akaacha meza yake akatusindikiza mpaka kona. Nikamwambia mama Kiarabu chake kinafika kuliko changu. Akanikata jicho. Lakini alipofika mbele nikaona mabega yanacheka.

Baada ya swala ya Ijumaa tukala samaki. Alibishana na muuzaji kuhusu macho ya samaki mpaka akapewa mwingine. Akala amekaa. Sahani mbili.

Kisha jumba la maduka, kukimbia jua. Tukaingia chumba cha kuswalia wanawake, zulia nene, baridi ya kiyoyozi. Tulipomaliza adhuhuri yetu mama akaegemea ukuta. Akalala.

Nikangoja dakika tano. Kumi. Orodha imebaki mahali kumi na mbili. Niseme kweli, nilikereka. Siku moja tu tunayo, jamani, na inaisha hivi. Nikamgusa bega. Hakufungua macho. Akasema, “Hadhir, madam.” Niko tayari, madam.

Nikauondoa mkono wangu.

Nikakaa. Wanawake waliingia, wakaswali, wakatoka, wakampitia kando kwa kando. Mmoja akamfunika miguu kwa shali yake bila kuniuliza kitu. Adhana ya alasiri hakuisikia. Nikamtazama. Mvi chini ya mtandio, mbele tu. Visigino vimepasuka. Anakoroma kidogo. Sijawahi kujua kama anakoroma, nilikuwa na miaka kumi na mmoja alipoondoka. Nikaikunja ile orodha nikaitia mkobani. Nilimshukuru Mungu kwa zulia lile, kwa kiyoyozi, kwa yule mama wa shali ambaye simjui na sitamjua.

Saa kumi na moja akashtuka. Akanigombeza, kwa nini nimemwacha. Akaswali mbio. Tukaenda ufukweni, akavua viatu, akaingia majini mpaka vifundoni na abaya ikaloa. Maji moto kama chai, akasema. Tulikunywa soda.

Mahali kumi na nne, tumeona patatu ukihesabu samaki. Sijawahi kuwa na siku nzuri kama hii.

Jumapili, 13 Julai. Jeddah

Wameondoka jana alasiri. Madam alinikumbatia, akanipa boksi la tende, akasema mwakani nije tena, na safari hiyo nisije nikakaa jikoni. Kwa moyo safi, naamini. Baba wa nyumba amesema ikama itahuishwa wakirudi. Aliyasema hayo akipakia masanduku, kama jambo la kawaida. Mama alitazama chini, akasema shukran.

Mimi akaniambia neno moja tu, soma. Akapanda gari na Lulu mapajani.

Bibi wa jirani ameniruhusu nikae kwake mpaka saa ya basi. Ananilisha tangu nimeingia. Nimezungukwa na watu wema na ninalia.

Jumatano, 16 Julai. Riyadh

Hosteli. Joto. Amra ametuma picha nyingine kumi. Nimemtumia moja, nyayo za mama kwenye mchanga uliolowa. Akauliza ni sehemu gani maarufu hiyo. Nikamwambia maarufu sana.

Alhamisi, 24 Julai. Riyadh

Ujumbe wa sauti kutoka kwa mama, Vienna. Dakika nne. Kawaida yake ni nusu dakika, umekula, umeswali, haya kwaheri.

Leo baada ya chakula cha mchana alimwomba madam muda wa saa mbili. Akapewa tatu. Lulu alilia mlangoni, akamwacha analia. Akapanda tramu peke yake. Hakujua inakwenda wapi. Akashuka alipoona watu wengi wanashuka. Kulikuwa na kanisa kubwa, paa lake la rangi rangi, farasi, wazungu wanakula barabarani. Kisha anasema, na hapa anashusha sauti kama anatoa siri:

“Mikono, Zuhura. Sikujua niiweke wapi. Sina gari la mtoto, sina mfuko, sina kitu. Nikaifunga nyuma, kama mzee wa mtaa.”

Anacheka. Anacheka peke yake mjini Vienna.

Nimesikiliza mara tatu. Nikamwandikia anitumie picha. Hakupiga hata moja. Akaandika: nilikuwa natembea.