Mkia wa Kondoo wa Kisongo

Mume wangu, Baba Anaeli,

Usishtuke kuitwa hivyo. Ndilo jina lako tangu masika, ila wewe mwenyewe hujalisikia bado. Ni binti. Ana paji lako la uso, na akikasirika anakunja nyusi kama wewe ukiambiwa uende shambani na mvua inanyesha.

Nakuandikia nikiwa mlangoni. Ukungu wa Meru umeshuka hadi migombani, hata nyumba ya mama yako siioni. Ukishuka hivi huwa nakuona unatokea, mzigo wa askari kichwani, kisha nagundua ni mgomba umetikisika. Sijui barua hii nimpe nani aifikishe, lakini naandika.

Nakumbuka ulivyonichumbia. Wenzako walipeleka pombe kwa wakwe. Wewe uliniletea ndizi mbichi iliyochomwa, ukaniambia, "Tafuna, usimeze." Nikatafuna. "Bado, usimeze." Nikadhani ile kazi ya kuosha chupa kwenye zahanati ya misheni imekuharibu kichwa. Halafu taratibu, mdomoni mwangu, ile ndizi isiyo na ladha ikaanza kuwa tamu. Ulicheka sana ulivyoona macho yangu.

Ukanieleza ulichokiona kwa daktari. Tone la dawa ya vidonda, ile ya kahawia, likidondoka kwenye ndizi mbichi panageuka bluu iliyokolea hadi nyeusi; kwenye ndizi iliyoiva kabisa linabaki na rangi yake. Ndizi mbichi imejaa wanga, ulisema, na wanga ni sukari zilizoshikana, shanga kwenye uzi mrefu. Zikishikana, ulimi hauzitambui. Ndizi ikiiva uzi unakatika wenyewe. Isipoiva, mate yanaukata. "Kwa hiyo utamu ulikuwamo?" nikauliza. "Ulikuwamo tangu mwanzo," ukasema. Siku hiyohiyo nilimwambia mama nimekubali.

Nilipopata mimba ulikwenda Kisongo kwa wafugaji, ukarudi unamvuta kondoo dume, watu wakikucheka njia nzima. Kila mume hunenepesha kondoo wa uzazi wa mkewe, hilo linajulikana, lakini wewe ulimlea kama mwana. Alilala ndani na sisi. Ulimkatia maganda ya ndizi vipande vidogo, na jioni ulimpima mkia kwa viganja vyako, mpaka ukawa mzito hata akatembea kwa kuyumba. Chakula kinachomzidi, ulisema, mwili wake unakigeuza mafuta na kukiweka mkiani kwa siku ya njaa. Ndizi ni majani makavu motoni, yanawaka upesi na kuisha. Mafuta ni gogo, linakufikisha asubuhi.

Siku moja ulinipaka mafuta mikononi, tukatoka mvuani makusudi kuangalia matone yanavyoteleza. Mafuta hayapatani na maji, ukasema, na daktari anaamini kila chembe ya mwili imezungushiwa utando mwembamba wa mafuta, ili kilicho ndani kisimwagike. Nilijitazama ngozi kwa muda mrefu. Sijawahi kujiona mzuri kama siku ile.

Kisha askari wakaja kuchukua wanaume wa kubeba mizigo ya vita. Uliniambia hapahapa mlangoni, "Ukijifungua, kondoo achinjwe. Usiningoje."

Nilikungoja. Anaeli alizaliwa, na kondoo akaendelea kutafuna maganda pembeni ya kitanda. Anayemchinja ni mume, nilisema; akichinjwa na mwingine, nimekubali kwamba hutarudi. Ng'ombe walishachukuliwa na askari, nikawa nashindia uji mwepesi. Maziwa yangu yakapungua, yakakatika. Mtoto alilia mpaka sauti ikaisha, akawa anafungua mdomo tu. Mama yako akaja akaketi kando yangu.

"Mwanangu," akasema, "mimi pia namngoja. Lakini huyu hawezi kungoja."

Ndugu yako akamchinja kondoo. Mama yako akayeyusha mafuta ya mkia, akanipa pamoja na supu, nikanywa huku nalia. Siku hazikupita nyingi, maziwa yakarudi. Sasa mapaja ya Anaeli yana mikunjo. Nikiishika mikunjo hiyo nawaza yale maganda: yalikwenda mkiani, yakaja kwangu, yakawa maziwa, na sasa yako hapa. Umemlisha mwanao kabla hujamwona.

Baadhi ya wapagazi wamerudi. Siwezi kuwatazama. Mwili ukikosa chakula unakula akiba yake, na akiba ikiisha unaanza kula nyama yake wenyewe. Hayo nayo ulinifundisha wewe, na siku hizi natamani usingenifundisha. Nakuogopea, mume wangu. Kibuyu kimoja cha mafuta nimekiziba kwa nta, nimekiweka darini kwenye moshi. Mama yako anajua kilipo na hakigusi. Hicho ni chako.

Leo Anaeli ameanza kula. Nilimtafunia ndizi ya kuchoma, kama akina mama wote wa huku. Ila mimi sikumpa upesi. Nilitafuna, sikumeza, nikangoja mpaka utamu ukaja, ndipo nikamtia mdomoni. Akatulia. Akanitazama, akafungua mdomo tena.

Nikamwambia, "Hiyo imetoka kwa baba yako."

Njoo usikie jina lako.

Mkeo,
Mama Anaeli